Mwenye kulijua hili ua refu anisaidie: jani kama kiganja, linanata, na miiba sielewi ipo au haipo

#1 Kipepeo Mweusi
Wakuu salama? Naombeni msaada wa kulitambua hili ua. Kuna kipande cha bustani nilikiacha wazi, yakaota haya mambo yenyewe, sikupanda mimi. Mwanzoni nikajua ni magugu nikataka kung'oa, ila yakawa yanaota kwa adabu nikayaacha, sasa hivi mengi yananifika kifuani na machache yamenipita bega.

Sifa zake: shina moja limesimama wima, chini gumu, juu laini lina vinyweleo. Jani limegawanyika vipande kama kiganja, mengi vipande vitano, ya chini nimeona mpaka saba. Ukilishika linanata, ukilisugua linatoa harufu ambayo sio nzuri. Maua yako kileleni kwa shada, yakifunguka ni pinki iliyokolea halafu yanapauka mpaka karibu meupe, na yana nyuzi ndefu zinachomoza nje. Chini ya maua kuna viganda vyembamba virefu vyenye mbegu, kila kimoja kina kikonyo chake kirefu. Nimeweka picha nne. Ni ua gani na je ni la msimu mmoja au linadumu?

#2 dogo Sele
Mkuu picha ya kwanza hiyo ni bangi. Unatuuliza ili iweje, upate mashahidi? 😂

#3 Zumaridi
@dogo Sele bangi ya wapi ina maua ya pinki? Maua ya bangi ni madogo ya kijanikijani wala huyaoni ukiwa mbali. Na kingo za jani la bangi zina meno ya msumeno wazi kabisa, hebu zoom picha ya kwanza uone kingo zilivyo laini. Mleta mada usimsikilize huyu.

#4 Fundi Bomba
Mi naona ni kenafu. Ndugu yake na haibiskasi, inaota mpaka inampita mtu, ina jani la vidole hivyo hivyo na shina lake linakwaruza. Watu wengi wanaichanganya na bangi kwa hiyo hata dogo Sele simlaumu sana.

#5 dogo Sele
Asante Fundi, angalau kuna mtu ananielewa humu.

#6 Daktari wa Magugu
Sio kenafu. Ua la kenafu ni kubwa, petali tano, limefunguka kama la haibiskasi na katikati kuna doa jeusi jeusi la zambarau. Halafu jani la kenafu limekatwa kwa kina lakini vipande vyote vimeshikana chini, ni jani moja. Hapa vipande vimeachana kabisa, kila kimoja kimesimama peke yake pale kikonyo kinapoishia.

Kwa picha ya pili hii ni kleome. Kwa jina la kisayansi Cleome hassleriana, siku hizi wataalamu wengi wanaandika Tarenaya hassleriana. Asili yake ni Amerika Kusini, upande wa Argentina, Paragwai, Urugwai na kusini mwa Brazili. Ni mmea wa mwaka mmoja, unafika mita moja hadi moja na nusu. Petali nne zote zimeelekea upande mmoja juu, stameni sita ndefu (hizo nyuzi za kiume za ua) zimetoka nje kama masharubu ya paka, ganda limebebwa na kikonyo kirefu. Kuna kitu kimoja tu hujakisema mleta mada: pale kikonyo cha jani kinapoungana na shina, kuna jozi ya miiba midogo? Ukiniambia ipo tunafunga uzi.

#7 Babu Jembe
Vijana mnazunguka mbali. Huo ni mgagani. Jani vipande vitano, linanata, linanuka, ganda refu jembamba, nyuzi zimechomoza. Nini tena mnatafuta? Argentina mnaenda kufanya nini.

#8 Zumaridi
Babu shikamoo. Mgagani wa kufika begani?

#9 Babu Jembe
Marahaba. Mgagani ukikuta udongo wenye mbolea na hakuna anayeuchuma unarefuka, hasa ukibanana na wenzake kila mmoja anatafuta jua. Mmezoea kuuona mfupi kwa sababu haujawahi kuachwa. Umefika mita na zaidi nimeuona kwa macho yangu sio kwa kusimuliwa.

#10 Kipepeo Mweusi
Asanteni wote. Nimetoka kuangalia sasa hivi. @Daktari wa Magugu nimepapasa juu kwenye majani ya karibu na maua, hakuna mwiba wowote, vinyweleo tu vinavyonata. Chini majani mengi yameshadondoka shina limebaki tupu, kuna vitu kama vichokoo vilivyokauka kwenye lile kovu la jani ila sina uhakika kama ni mwiba au ni mabaki ya kikonyo. Kwa hiyo nipo katikati.

#11 Nungunungu
Mkuu mwiba hauna katikati, ama umekuchoma ama haujakuchoma hahaha

#12 Daktari wa Magugu
@Babu Jembe heshima yako, ila mgagani na kleome ni ndugu wa ukoo mmoja kwa hiyo sifa zote ulizotaja wanazo wote wawili. Kunata, harufu, petali nne, stameni sita, ganda refu. Ndio maana zinachanganya watu. Huwezi kutumia sifa wanayoshiriki kuwatenganisha.

#13 Babu Jembe
Na wewe hujataja sifa inayowatenganisha, umetaja mwiba ambao mwenye mmea hauoni.

#14 Zumaridi
Hapo Babu kapiga.

#15 mpiga_picha_mstaafu
Nimezijaribu picha zote nne kwenye programu ya simu ya kutambua mimea. Ya kwanza imeniambia bangi, ya pili na ya nne kleome, ya tatu imeniambia mgagani kwa asilimia ndogo. Ni mmea uleule mmoja huo. Sijui niseme nini.

#16 dogo Sele
Nilisema mimi!! Mashine imekubali.

#17 Zumaridi
Mashine imeangalia jani tu bila ua, sawasawa na wewe.

#18 Mama Fagio
Jamani hii ya bangi sio utani. Mimi nilishapanda kleome kwa mbegu za pakiti, kabla haijatoa maua jirani alikuja kwa sauti ya chini kabisa akaniuliza kama najua nilichopanda. Nikamwonyesha miiba, bangi haina miiba. Nikamwonyesha majani yanavyopanda kwenye shina moja moja kwa kupokezana, bangi chini yanakaa mawili mawili yakitazamana. Hakuridhika mpaka maua yalipotoka. Tena alipoyaona akaomba mbegu.

Kwa mleta mada, kama ni kleome vaa glovu unapong'oa. Ile miiba ni mifupi ila imepinda kidogo, unavuta shina chini ukidhani ni laini kama juu, inakuingia kwenye kiganja. Ya juu karibu na maua mara nyingi haionekani, iko zaidi kwa majani ya katikati na chini.

#19 Kipepeo Mweusi
@Mama Fagio hapo umenigusa maana majani ya katikati sikuyaangalia, nilirukia juu halafu chini. Kesho nikipata mwanga nitaangalia vizuri.

#20 Mbegu Mkavu
Naomba niongeze mkanganyiko. Kuna kleome zisizo na miiba kabisa. Moja ni Cleome serrulata, ambayo sasa inaitwa Peritoma serrulata, ya Amerika Kaskazini upande wa magharibi. Ni ya mwaka mmoja, pinki, inafika mita moja na nusu ikipenda, nyuki wanaifuata balaa. Nyingine ni Cleome speciosa, sasa hivi Cleoserrata speciosa, ya Meksiko na Amerika ya Kati, nayo haina miiba, vipande vya jani vitano mpaka tisa, maua pinki. Kwa hiyo Daktari akisema mwiba usipokuwepo ni mgagani anaruka hatua.

#21 Daktari wa Magugu
Sijasema mwiba usipokuwepo ni mgagani, rudi #6. Na serrulata itoe, ile jani lake lina vipande vitatu tu, mleta mada kahesabu vitano na saba. Speciosa nakubali inawezekana. Tofauti ni kwamba speciosa shina lake halina vinyweleo vya kunata hivyo, ni laini linateleza.

#22 Nungunungu
Kwa hiyo tuna bangi, kenafu, mgagani na kleome za aina tatu. Mleta mada ulikuja na swali moja utaondoka na bustani nzima.

#23 Fundi Bomba
Mimi bado sijaitoa kenafu, naomba tu ieleweke.

#24 Zumaridi
Fundi jamani ua lina petali nne!

#25 Fundi Bomba
Picha ya tatu sijaziona petali.

#26 Bi Rozela
Nimepita kimya kimya nasoma ila hapa nimeshindwa. Kuna njia ya uhakika ya kutenganisha mgagani na hizi kleome za mapambo na haihitaji mwiba wala kuhesabu vipande. Chukua ua moja lililofunguka, liangalie kwa ubavu. Kwenye hizi za mapambo stameni zinaanzia palepale petali zinapoanzia, chini kabisa. Kwenye mgagani stameni hazianzii kwa petali, zinapanda juu kwanza kwenye kijiti cha katikati halafu zinatawanyika kuanzia huko juu, yani petali ziko ghorofa ya chini na stameni ziko ghorofa ya kati. Ukishaiona mara moja huwezi kuisahau.

Na hata kama maua yameshadondoka, angalia kikonyo cha ganda. Kwenye mgagani kuna vifundo viwili, kimoja pale petali zilipodondokea na kingine juu yake kidogo pale stameni zilipodondokea. Kwenye kleome ya mapambo kifundo ni kimoja tu. Kucha ya kidole gumba inatosha kukipata.

#27 Daktari wa Magugu
Bi Rozela asante, hiyo ndiyo yenyewe. Na nyongeza: angalia vijani vidogo vinavyokaa chini ya kila ua kwenye shada. Vya mgagani vimegawanyika vitatu. Vya kleome ya bustanini ni kijani kimoja kizima kisichogawanyika kama tone. Kwenye picha ya pili vinaonekana vizima.

#28 Babu Jembe
Kwenye picha ya tatu vimegawanyika vitatu.

#29 Daktari wa Magugu
Picha ya tatu imetikisika Babu.

#30 Babu Jembe
Imetikisika kwa sababu hutaki kuiona.

#31 dogo Sele
😂😂 Babu usimwache

#32 mpiga_picha_mstaafu
Naingia kama mtu wa picha sio wa mimea. Nimezilinganisha picha ya pili na ya tatu, nimeziongezea mwanga. Ya pili maua pinki, petali pana. Ya tatu maua ni meupe yenye wekundu kidogo kwenye nyuzi, petali ndogo kuliko zile. Mleta mada alisema yanapauka kwa hiyo inaweza kuwa ua lilelile limezeeka. Au ni mimea miwili tofauti. @Kipepeo Mweusi picha ya pili na ya tatu ulipiga mmea mmoja?

#33 Kipepeo Mweusi
Dah. Nilipiga kwenye kundi lilelile, ila kama ni shina lilelile siwezi kuapa. Yameota yamebanana sana.

#34 Zumaridi
Haya sasa. Posti thelathini tunabishana kumbe labda Babu anaangalia mmea mwingine na Daktari anaangalia mmea mwingine.

#35 Mama Fagio
Kuhusu kupauka sio lazima iwe kuzeeka sana. Hizi kleome za pinki ua linafunguka jioni jua likianza kushuka, likiwa na rangi kali. Kesho yake mchana limeshafifia, ukiangalia shada moja utakuta pete ya juu imekolea na pete ya chini yake imepauka. Ndio uzuri wake wenyewe. Kwa hiyo piga picha jioni sio saa sita mchana, mchana petali zinajikunja utasema ua limekufa. Usiku wanakuja nondo wale wakubwa, mimi nimewahi kukaa kuwaangalia, wanasimama hewani bila kutua.

#36 Mbegu Mkavu
Na huko kwao Amerika Kusini popo nao wanahusika. Stameni ndefu hivyo sio za mapambo, mgeni akiingiza uso kufuata asali ya ua chavua inamgusa kwingine kabisa.

#37 Nungunungu
Mimi nina swali la kizembe. Kwenye shina la mleta mada picha ya nne kuna viganda, halafu kuna sehemu tupu yenye vikonyo vikavu bila ganda, halafu viganda tena. Ni mdudu kala?

#38 Bi Rozela
Swali zuri wala sio la kizembe. Sio mdudu. Kleome ya mapambo inatoa maua ya aina mbili kwenye shada moja, yenye jinsia zote na yenye upande wa kiume tu. Viganda vikishakuwa vingi vinakua, mmea unaanza kutoa maua ambayo kile kijiti cha ganda kimedumaa, kwa hiyo yanadondoka bila kuacha kitu. Mzigo ukipungua unarudi kutoa yenye ganda. Ndio unapata eneo lenye viganda, eneo tupu, eneo lenye viganda. Watafiti wa Marekani walishaiandika hiyo miaka ya 1920, kwa jina la Cleome spinosa.

#39 Kipepeo Mweusi
Aisee, nilikuwa nafikiri nimeyanyima maji.

#40 Fundi Bomba
@Bi Rozela hapo umesema spinosa, Daktari alisema hassleriana. Mnaongelea ua moja au mawili?

#41 Bi Rozela
Hapo ndipo vitabu vya bustani vimetuchosha. Miaka mingi kleome ya bustani iliuzwa na kuandikwa kama spinosa. Spinosa halisi ipo, ni ya Amerika ya joto, maua yake ni madogo zaidi na ni meupe yaliyochafuka au ya kijani kijani, hakuna mtu angehangaika kuipanda kwa uzuri. Yenye maua makubwa ya pinki na zambarau ndiyo hassleriana. Ukikuta pakiti ya mbegu imeandikwa spinosa na picha ni ya pinki, ujue ni hassleriana. Wengine wanaiita pia houtteana. Mimi nimeshaacha kugombana na pakiti.

#42 Babu Jembe
Ua moja majina matatu halafu mnaniambia mimi ndio nachanganya.

#43 Mwalimu Chaki
Nimeupenda huu uzi. Hawa ndugu wawili, mgagani na kleome ya bustani, kwenye maabara ni maarufu kuliko mnavyodhani. Mgagani unatumia ule mfumo wa kutengeneza chakula chake kwa jua unaoitwa C4, kama mahindi, unaovumilia joto na ukame vizuri. Kleome ya bustani inatumia C3, mfumo wa kawaida wa mimea mingi. Wanafanana sura ila injini tofauti, kwa hiyo wanasayansi wanawaweka pamoja waone mmoja alipataje alichokosa mwenzake. Jenomu ya hassleriana, yaani vinasaba vyake vyote, ilishasomwa, ilichapishwa 2013. Sababu nyingine ni kwamba ukoo wao, Cleomaceae, ni jirani wa karibu kabisa wa ukoo wa kabichi na haradali. Zamani walikuwa wanawekwa kwenye ukoo wa Capparaceae, wakahamishwa.

#44 Mama Fagio
Kumbe ndio maana wale vipepeo weupe wa kabichi wananiwekea mayai kwenye kleome! Nilikuwa nashangaa wanakosea njia vipi.

#45 Mwalimu Chaki
Hawakosei. Mimea ya pande zote mbili ina zile kemikali kali za haradali, kipepeo anazinusa anajua kafika. Hata lile ganda likikauka angalia linavyofunguka, mbavu mbili zinabanduka kuanzia chini zinadondoka, kinabaki kifremu chembamba kama uzi kimeshika mbegu pembeni. Wa ukoo wa kabichi nao wanafanya hivyo hivyo, tofauti wao kile kifremu kina kiwambo chembamba katikati. Hawa kina Kleome hawana, unaona hewa upande wa pili.

#46 dogo Sele
Mwalimu wewe ungenifundisha mimi leo nisingekuwa naita kila kitu bangi.

#47 mtoto wa bustani
Habari wadau, nimechelewa. Kwa nini isiwe chotara? Mgagani umechanganyika na kleome ya jirani, ndio maana jani la huku, rangi ya kule, miiba nusu nusu.

#48 Daktari wa Magugu
Sidhani. Kuwa ukoo mmoja hakutoshi. Hawa wako jenasi tofauti, yaani vikundi tofauti ndani ya ukoo, mgagani ni Gynandropsis gynandra, asili yake Afrika na Asia, mwenzake Amerika Kusini. Machotara ya kleome yapo madukani ila ni kleome kwa kleome. Ipo inaitwa Señorita Rosalita, fupi kiasi, haina miiba, hainati, hainuki.

#49 mtoto wa bustani
Si ndio hiyo sasa! Haina miiba!

#50 Mama Fagio
Haina mbegu pia mpenzi. Haitoi viganda vya kuzaa, kila mwaka unanunua mche. Ya mleta mada imejiotea yenyewe na imejaa viganda, inanata, inanuka. Rosalita toa kabisa.

#51 mtoto wa bustani
Sawa nimetoa. Ila uzao wa mbegu za chotara nyingine nauacha mezani.

#52 Mbegu Mkavu
Mimi narudi kwa speciosa yangu maana naona mmeipita kimya kimya. Mleta mada kasema jani linanata, sawa. Lakini kasema juu hakuna mwiba. Nani kathibitisha kwamba linalonata na lisilo na mwiba ni shina lilelile? Kama picha mbili zimechanganya mimea miwili, basi na sifa zilizoandikwa #1 zimechanganya mimea miwili. Labda mitatu.

#53 Zumaridi
Mkavu leo umeamka vizuri.

#54 Fundi Bomba
Mitatu, na mmoja kenafu.

#55 Nungunungu
Wakati tunasubiri kesho: mimi nilishajaribu kuotesha kleome ya mbegu ikagoma. Mwenye siri aseme.

#56 Mama Fagio
Uliifukia. Ile mbegu inataka mwanga, mwaga juu ya udongo bonyeza kwa kiganja basi. Na inapenda joto linalopanda mchana na kushuka usiku, ukiweka ndani mahali pa joto lilelile saa zote inakutazama tu. Wengine wanaziweka kwenye friji kwanza. Kinachonichekesha, ukiihangaikia haioti, ukiiacha idondoke yenyewe msimu ujao unang'oa mamia.

#57 Bi Rozela
Naunga mkono, na ndio maana ya mleta mada kuamka na msitu. Mbegu zinakaa kwenye udongo zikisubiri ukwatue zione mwanga. Kujibu swali lake la #1 ambalo tumelisahau wote: yoyote itakayokuwa kati ya hizi, mgagani, hassleriana au speciosa, anapaswa kutegemea ife msimu ukiisha na watoto waote chini yake. Kudumu haidumu, kurudi itarudi.

Na usikate maua yake kuweka ndani. Petali zinamwagika mezani na ile harufu ndani ya chumba kilichofungwa utajuta. Nje kwa mbali ni nzuri. Panda kitu kifupi mbele yake, miguu yake ikishadondosha majani inatia huruma.

#58 Kipepeo Mweusi
Nimerudi wakuu, leo nimeenda na glovu na kioo cha kukuza. Nimefuata mashina kwa kuyatenganisha kwa mkono mpaka kwenye mzizi, shina kwa shina. Picha mpya nimeweka sita.

Shina A: maua pinki. Majani ya katikati yana miiba miwili miwili kwenye shingo ya jani, mmoja umetoboa glovu. Vijani chini ya maua ni vizima. Kikonyo cha ganda kina kifundo kimoja.

Shina B: hili ni fupi kidogo, limesimama katikati ya mengine. Maua meupe. Stameni zinatokea juu kwenye kijiti, kama alivyosema Bi Rozela, ghorofa ya pili kabisa. Vijani vitatu vitatu. Vifundo viwili. Miiba hakuna.

Shina C: pinki, refu kuliko yote, nimepapasa kutoka juu mpaka chini hakuna mwiba hata mmoja. Stameni zinaanzia chini kwa petali. Vipande vya jani saba. Linanata juu kwenye shada ila chini shina ni laini.

#59 Babu Jembe
Shina B. Nilisema #7. Sina la kuongeza.

#60 Daktari wa Magugu
Shina A, hassleriana, miiba imetoboa glovu. Na B ni mgagani, Babu hapo chukua. C naona ni hassleriana nayo, kuna ambazo miiba yake ni haba sana, na amesema inanata kwenye shada.

#61 Mbegu Mkavu
C ni speciosa. Haba sio sifuri. Kapapasa shina lote na kioo cha kukuza mkononi.

#62 Mama Fagio
Kunata kwenye shada inaweza kuwa imegusana na jirani zake, si yamebanana? Ute wa A unahamia kwa C vizuri tu. Futa kwa kitambaa kibichi, subiri kesho, gusa tena.

#63 mtoto wa bustani
Au ni lile chotara langu. Nasema tu.

#64 Bi Rozela
C siwezi kuisema kwa hizi picha. Kingo za kipande cha jani nione kwa karibu, zina vijimeno vidogo vya kupapasa au hazina? Na urefu wa kile kikonyo cha juu ya kifundo ganda likishakomaa. Usiling'oe.

#65 dogo Sele
Kwa hiyo bangi haipo kabisa?

#66 Fundi Bomba
Wala kenafu. Tumeonewa.

#67 Nungunungu
Mkuu Kipepeo, nikipata mbegu za C nitashukuru, mimi na miiba hatuelewani. Funga kimfuko chepesi kwenye shada kabla viganda havijakauka sana, maana vikishaanza kubanduka huku chini mbegu zitachanganyika na za A, na mwakani tutaanza tena huu uzi.

#68 Kipepeo Mweusi
Nimefunga soksi ya nailoni. @Bi Rozela kingo nimezipiga picha ila mwanga umeisha, nitaweka. @Mama Fagio nimeshafuta.